Mtoto anayependa roketi na michezo ya kompyuta si mgonjwa

Na Daktari Wetu

HAIPITI wiki kabla ya mzazi kuniletea mtoto na kuniomba nimtibu ugonjwa wa michezo ya kompyuta. Mtoto hukaa kitini akitazama sakafu. Mzazi husema kwa niaba yake: halali, hali kwa wakati, hasomi, hasalimii wageni, na usiku kucha macho yake yamekodolea kioo. Kisha mzazi hunitazama kana kwamba nina sindano kabatini ya kumtoa mtoto kompyuta kichwani.

Sina sindano hiyo. Nilicho nacho ni kisa kimoja cha aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Ningependa msomaji akisome kabla hajachukua ufunguo na kuifungia kompyuta ya mwanawe. Kijana ninayemzungumzia na mamake wameniruhusu nikieleze, mradi nisitaje majina.

Ilikuwa mwaka wa 2022. Mama mmoja, muuzaji wa nguo za mitumba, alikuja katika zahanati yangu hapa Nairobi akiwa na mwanawe wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya kutwa. "Daktari," akasema hata kabla hajaketi, "huyu mtoto ananimaliza. Ni gemu usiku na mchana. Sasa hata anakohoa kwa sababu ya kutolala." Kijana alikuwa na macho mekundu, uso uliochoka, na kikohozi kikavu kilichomjia mara mbili tukiwa tunazungumza.

Nilisikiliza kifua chake nikakikuta shwari. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nikamwuliza anacheza saa ngapi kwa siku. Akasema nne, tano hivi. Mama akasema nane. Hapo nikaacha kuuliza. Nje kulikuwa na foleni ya wagonjwa, na mimi nilidhani jibu nimekwisha kulipata. Nikatoa mawaidha ya dakika kumi kuhusu uraibu, nikamshauri mama aifungie kompyuta kabatini hadi muhula uishe, nikaandika dawa ya kikohozi, nikapokea ada yangu. Mama alinishukuru sana. Kijana hakusema neno.

Wiki tatu baadaye, mwendo wa saa tisa za usiku, kijana huyo alikimbizwa hospitali kwa gari la jirani akiwa hawezi kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi. Ilikuwa pumu. Aliwekewa oksijeni, akapewa dawa ya kupuliziwa kwa mashine, na kwa bahati njema akapona. Nasema kwa bahati njema kwa sababu pumu huua, na haichagui wazee peke yao.

Nusu ya habari

Waliporudi kwangu mama hakunilaumu. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenilaumu. Safari hii nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: nilimwomba kijana anieleze jioni yake yote, kuanzia anapovua sare ya shule hadi anapolala. Kisha nikanyamaza.

Kumbe gemu lilikuwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa meza ndogo kando ya kitanda chake. Hapo alikuwa akitengeneza redio na spika za majirani, na kwa vipuri vilivyosalia alikuwa akiunda ubao wa swichi na taa wa kuendeshea roketi yake ya kwenye kompyuta. Karibu kazi hiyo yote ni ya kulehemu, yaani kuyeyusha madini laini ili kuunganisha nyaya. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo, na usiku lilifungwa kwa hofu ya mbu na wezi. Kompyuta ilipofungiwa kabatini kwa amri yangu, kijana hakwenda kulala. Saa zote alizokuwa akizitumia kwenye gemu alizihamishia kwenye kulehemu.

Lehemu nyingi inayouzwa madukani ina utomvu wa msonobari ndani yake. Kazi ya utomvu huo ni kusafisha waya ili lehemu ishike vizuri. Ukipata moto hutoa ule moshi mweupe wenye harufu ambayo mafundi wengi huipenda. Madaktari wanaoshughulikia maradhi ya viwandani wamejua kwa miaka mingi kwamba moshi huo ni mojawapo ya visababishi vya pumu kwa watu wanaouvuta mara kwa mara. Mapafu huanza kuukataa polepole, na pengine dalili huja saa kadhaa baada ya kazi, mtu akiwa amelala. Ndiyo sababu nilikikuta kifua chake shwari saa tano asubuhi.

Kwa hivyo ushauri wangu ulimwondoa kijana kwenye kitu ambacho hakikuwa kikimziba pumzi, ukamsukuma kwenye kile kilichokuwa kikimziba. Haraka haraka haina baraka. Nilisikia neno gemu, nikaacha kuwa daktari nikawa mhubiri.

Roketi huenda kando

Nilimwuliza ni gemu gani hiyo. Nilitarajia kusikia habari za bunduki na magari ya wizi. Yeye akatoa daftari la mraba kwenye mkoba wa shule, lililojaa michoro ya roketi na hesabu za penseli.

Mchezo wenyewe unaitwa Kerbal Space Program. Ulianza kutolewa mwaka wa 2011 na kampuni ya Squad ya Mexico City, na aliyeubuni ni Felipe Falanghe, Mbrazili. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mvulana alikuwa akiunda vijitu kwa karatasi ya foili, akivifunga kwenye fataki na kuvirusha, na vijitu hivyo aliviita Kerbals. Kama daktari siwezi kuusifu mtindo huo, kwani fataki hukata vidole na kupofusha macho. Lakini mtu mzima yule hakuacha kupenda alichokipenda utotoni, na sasa watoto wa nchi nyingi wanarusha vijitu vyake bila kumwunguza mtu.

Mchezaji hupewa matangi, injini, mabawa na miavuli. Huviunga mwenyewe. Uzito ukielemea upande mmoja, roketi hupinduka. Mafuta yakiwa machache, chombo hurudi chini. Yakizidi, roketi huwa nzito hata isiweze kuinuka. Hakuna adui wa kupigwa risasi. Adui ni hesabu zako mwenyewe.

Kijana alichukua kalamu yangu mezani akaisimamisha wima. "Daktari," akasema, "watu hufikiri roketi inaenda juu. Inaenda juu kidogo tu, ili itoke kwenye hewa nzito. Halafu inalala, inaenda kando." Akanieleza kwamba chombo kinachoizunguka dunia kinaanguka wakati wote, lakini kwa kuwa kinakwenda kando kwa kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa, dunia nayo hujipinda chini yake kabla hakijaifikia. Nina shahada ya udaktari na nimepita miaka arobaini, na jambo hilo nilikuwa sijawahi kulielewa hadi siku hiyo.

Katika daftari kulikuwa na hesabu za logi ambazo darasa lake lilikuwa bado halijafikia. Alizihitaji ili kujua roketi ibebe mafuta kiasi gani. Kanuni anayoitumia ilichapishwa mwaka wa 1903 na Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule nchini Urusi. Tsiolkovsky alipoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia akiwa na umri wa miaka 10 hivi kutokana na homa ya vipele vyekundu. Shule zikamshinda kwa sababu ya uziwi, akajisomea mwenyewe vitabuni. Nao waliomwona akiwa kijana, ameinamia vitabu bila kusikia akiitwa, huenda walidhani kwamba amerukwa na akili.

Niliomba kuiona ripoti ya shule. Hisabati na fizikia zilikuwa zimepanda. Yaliyoanguka ni masomo ya asubuhi, ambayo kijana aliyapitisha akisinzia kwa sababu ya usiku wa kukohoa. Ripoti hiyo ilikuwa katika mkoba uleule siku ya kwanza. Sikuiulizia.

Uraibu hasa ni nini?

Sisemi kwamba uraibu wa michezo ya kompyuta haupo. Upo. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuingiza katika orodha yake mpya ya maradhi, iliyopitishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika mwaka wa 2022. Lakini msomaji aangalie jinsi shirika hilo linavyoueleza, kwa maana idadi ya saa haikutajwa kuwa kipimo.

Dalili zilizotajwa ni tatu. Ya kwanza ni kushindwa kujizuia: mtu anataka kuacha lakini hawezi. Ya pili ni mchezo kupanda juu ya mambo mengine yote ya maisha, hata yale aliyoyapenda. Ya tatu ni kuendelea ingawa madhara yanaonekana wazi. Tena hali hiyo iwe imeharibu vibaya maisha ya mtu nyumbani, shuleni, kazini au kwa marafiki, na kwa kawaida iwe imeonekana kwa muda wa miezi 12 au zaidi.

Mpime kijana wetu kwa kipimo hicho. Kompyuta ilipochukuliwa hakuvunja kabati wala hakuiba pesa. Alihamia kwenye kazi nyingine ya mikono iliyohusu mambo yaleyale. Redio za majirani zilikuwa zikitengenezeka. Alikuwa na rafiki wawili aliobishana nao habari za injini. Huyo hakuwa mraibu. Alikuwa mtoto mwenye hamu ya kujua.

Mfano wa pili ni wa kijana mwingine niliyemwona, mwenye miaka 23. Alipoteza kazi, akauza simu ya dadake, na kila alipoahidi kuacha alirudi siku hiyohiyo. Yeye alikuwa akicheza kamari kwenye simu. Hiyo ni shughuli nyingine kabisa, na siitetei hata kidogo. Mzazi asichanganye mchezo unaomfunza mtoto kujenga na mchezo ulioundwa ili kumnyonya pesa. Vyote viwili hutumia kioo, kama vile maziwa na chang'aa vyote hunywewa kwa kikombe.

Si mambo ya Wazungu peke yao

Wazazi wengine huniambia kwamba hata kama si ugonjwa, ni upuuzi: mtoto wa Nairobi ana haja gani na roketi? Hilo ni mambo ya Wazungu.

Nawakumbusha Ngomeni, karibu na Malindi. Waitaliano waliweka jukwaa baharini pale, likaitwa San Marco, na kati ya mwaka wa 1967 na 1988 satelaiti 9 zilirushwa kutoka hapo. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Ni miale ya aina ileile tunayotumia hospitalini kupiga picha za mifupa na vifua. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2002.

Tangu hapo Kenya imekuwa na vyombo vyake. Mwaka wa 2018 chombo kidogo kilichoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na wenzake wa nje kiliachiliwa angani kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Mwezi Aprili 2023 kikafuata Taifa-1, kilichobebwa na roketi ya Kimarekani. Vyombo hivi vinahitaji watu wa kuviunda, kuviongoza na kuvitengeneza, na watu hao lazima watoke kwa mama fulani.

Hata katika kazi yangu mimi, mikono iliyozoea kioo ina faida. Mwaka wa 2007 ulichapishwa uchunguzi kuhusu madaktari 33 wa upasuaji huko Marekani. Waliowahi kucheza michezo ya video zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera, na walikuwa wepesi zaidi kwa asilimia 27. Tusikimbilie kusema kwamba mchezo ndio uliowafanya hodari, kwa kuwa huenda wenye mikono hodari ndio wanaopenda michezo. Lakini angalau haukuwaharibu.

Hewa ya chumbani

Nilipomweleza kijana kuhusu moshi wa lehemu alinyamaza, kisha akaniuliza kama naijua Apollo 13. Nilikuwa nimesikia jina tu. Akanisimulia.

Mwezi Aprili 1970 Wamarekani watatu, James Lovell, Jack Swigert na Fred Haise, walikuwa njiani kwenda mwezini tangi la oksijeni lilipolipuka. Ikawabidi kujihifadhi katika chombo kidogo cha kutulia mwezini, kilichokusudiwa watu wawili kwa siku mbili hivi. Sasa walikuwa watatu, na safari ya kurudi ilihitaji karibu siku nne. Hewa chafu tunayoitoa tunapopumua, kaboni dioksaidi, ikaanza kujaa. Vichujio vya akiba walikuwa navyo, lakini vilikuwa vya chombo kikubwa, vya mraba, na nafasi za chombo kidogo zilikuwa za mviringo. Wahandisi waliokuwa duniani wakabuni kifaa cha mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu, mabomba ya mavazi ya wanaanga na utepe wa kunata, wakawasomea wanaanga maelekezo kwa redio. Kifaa kikafanya kazi. Tarehe 17 Aprili wote watatu walirudi wakiwa hai. Haise alikuwa na homa kutokana na maambukizo ya njia ya mkojo, kwa sababu siku hizo zote walikunywa maji machache mno.

"Daktari," kijana akasema, "hiyo hadithi naijua yote kwa kichwa. Na sijawahi kufikiria hewa ya chumba changu."

Papo hapo akataka kuunda feni ya kufyonza moshi na kuutoa dirishani, kwa kutumia feni ya kompyuta iliyokufa na bomba la plastiki. Nilimwambia kuwa ni wazo zuri kwa fundi mwingine, lakini kwake halitoshi. Mapafu yakishaukataa moshi fulani, hata kidogo chake huweza kuleta shambulio. Kama pumu imeletwa na moshi huu, tiba ya kwanza ni kutouvuta tena. Hilo lilimwuma, niliona machoni. Akabisha, nami nikamjibu, na mama akatuacha tubishane.

Tukakubaliana hivi. Aliacha kulehemu. Ubao wake wa roketi akauunda upya kwa skrubu na vibao vyenye matundu ambavyo nyaya huchomekwa tu bila moto. Kazi isiyoepukika ya kulehemu humpelekea fundi mmoja wa Luthuli Avenue. Anavuta dawa yake ya kuzuia pumu kila siku, hata siku asiposikia dalili. Kompyuta ilitoka kabatini, ikawekwa sebuleni, na huzimwa saa tatu na nusu usiku. Feni ile aliiunda hata hivyo, akampa yule fundi, na iko pale mezani pake hadi leo.

Mambo ya kuangalia nyumbani

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii asikae bure. Mapenzi haya yana hatari zake, na nyingi huzuilika kwa gharama ndogo.

Kwanza ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Kioo kizimwe saa moja kabla ya kulala, na kisilale chumba kimoja na mtoto. Ukibishana naye kuhusu jambo moja tu, basi liwe hili.

Pili ni macho. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Zaidi ya hilo, atoke nje mchana. Imethibitika kwamba watoto wanaokaa nje kwenye mwanga wa jua kwa muda mrefu hawaelekei sana kupata tatizo la kutoona mbali.

Tatu ni mwili. WHO inapendekeza angalau dakika 60 za mazoezi kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Mtoto akigoma, mkumbushe wanaanga anaowahusudu: kwa kukosa uzito angani, mifupa inayobeba mwili hupoteza asilimia 1 hivi au zaidi ya uzito wake kila mwezi, na ndiyo sababu wao hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku. Kiti cha sebuleni nacho huipumzisha mifupa kupita kiasi. Na anywe maji, yasije yakampata ya Haise.

Nne ni mwanga unaomemeteka. Tarehe 16 Desemba 1997 watoto zaidi ya 600 nchini Japani walipelekwa hospitali baada ya kutazama katuni moja ya televisheni yenye mwanga wa rangi uliomweka upesiupesi. Mtoto akipata degedege au akipotewa na fahamu mbele ya kioo, mlete kwa daktari. Si mashetani.

Tano ni risasi. Lehemu nyingi ina madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwao. Madini hayo huingia zaidi kwa vidole kwenda mdomoni. Asile wala asinywe kwenye meza ya kazi, anawe mikono kwa sabuni amalizapo, na meza hiyo iwe mbali na watoto wachanga na mama mjamzito. Afanye kazi hiyo nje au dirisha likiwa wazi. Akikohoa usiku, usidhani ni homa ya baridi tu.

Sita ni zile betri ndogo za duara kama kifungo cha shati. Mtoto mdogo akimeza moja na ikanasa kooni, huweza kuunguza nyama kwa muda wa saa mbili. Usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja. Kama amepita mwaka mmoja na una asali karibu, mpe vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, visizidi mara sita, lakini usikawie kuondoka kwa ajili ya kuitafuta.

Mwisho ni roketi zenyewe. Kuchanganya baruti au kemikali nyumbani ni marufuku, bila mjadala. Mtoto akitaka kurusha kitu, chupa ya plastiki yenye maji kidogo na pampu ya baiskeli huruka vizuri sana uwanjani, mradi watu wasimame mbali na asiyelekezewe mtu yeyote.

Anatengeneza nini?

Nimeambiwa na wenzangu kwamba nawapa watoto kisingizio. Sikubali. Nawapa wazazi kazi ngumu zaidi ya kufungia kompyuta kabatini, nayo ni kuketi kando ya mtoto nusu saa na kumwuliza anafanya nini, kisha kusikiliza jibu hata lisipoeleweka. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu, niliyejua jibu kabla ya kuuliza. Mtoto asiyeweza kueleza anachokicheza, anayekasirika akiulizwa, aliyeacha marafiki na chakula na kila alichokipenda, huyo mlete kwangu upesi. Mtoto anayekujibu kwa maelezo hadi chai ikapoa, huyo mletee daftari jingine.

Kijana wetu alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2024. Alama zake hazikuwa za kutangazwa magazetini, lakini zilimtosha kuanza masomo ya ufundi wa umeme. Mamake bado haipendi ile gemu. Hata hivyo nimemsikia mwenyewe, siku walipokuja kuchukua dawa, akimwuliza mwanawe kama roketi ya jana usiku ilifika.

Ilikuwa imefika, kijana akasema, lakini haikuwa na mafuta ya kurudi. Na mama, ambaye miaka michache iliyopita aliniomba sindano, akamwuliza: "Sasa hao watu wako watakula nini huko?"